Namba Tano, Mguu Mpana

Bohari haina haya,
ilinipa namba mbaya:
tisa, buti za Ulaya,
mimi tano navalia.

Nikashindilia ndani
magazeti ya jirani;
gwarideni, uwanjani,
habari zikinilia.

Sajini Mwaro kacheka:
"Nyevu, buti zaropoka!
Lamu, Hindi, utafika,
huko mguu hulia."

Basi Malindi sokoni,
nyuma ya Shela, jioni,
nikaingia dukani,
pesa nimeshikilia.

Mwenye duka, jina Twaha,
buti nyeusi, za jaha,
akashusha kwa mzaha:
"Kioo cha kuchania!

Zina zipu ubavuni,
wavuta, wenda kazini.
Makamanda wa mjini
wote hizi wavalia."

Barazani fundi Esha,
sindano akiendesha,
uzi akiupitisha,
ndipo akaingilia:

"Zipu, ikila mchanga,
meno yote hujitenga;
kamba, ikikatwa, unga
fundo, kisha shika njia.

Na hii soli, tazama,
ni gundi tupu, huhama;
mikokoni ukizama
mdomo itaachia.

Shika hii, ina uzi
ukingoni, si upuzi;
kitambaa juu, si ngozi,
jasho likapate njia.

Matundu haya mawili
Twaha aita batili,
mimi naita akili:
maji yatakimbilia.

Umefaa kuja sasa,
asubuhi ungekosa:
unyayo jioni hasa
huvimba, ukatimia.

Na soksi ile nene
vaa sasa, tukuone;
vidole visisongane,
kisigino kutulia."

Twaha: "Hizo hazing'ai!"
"Na kung'aa hakufai:
usiku, mwezi, hujui?
Mng'aro hukuchongea."

Bei? Nikameza mate.
Zilikula fedha zote
za mabati; nisijute,
mama alivumilia.

Nikazifuga nyumbani:
nafua, zi miguuni,
nachota maji shambani,
kuku wanazikimbia.

Dama, dirisha kapanda:
"Kuku hawa wawawinda?"
Ngozi nayo ikapenda,
mguu ikazoea.

Hindi, masika yakaja;
doria, siku si moja.
Thoya, zake zikavuja,
kioo kikaachia.

Soli ikabaki nyuma
topeni, imejichoma;
kafunga kamba ya hema,
akawa achechemea.

Zangu zilitema maji,
pwaa! kama ya mfereji;
nikamwaza mshonaji,
mkono nikamwombea.

Nikitoka kwenye zamu
nazivua kwa utamu;
vidole vina salamu,
vyote kumi vyarejea.

Fundi alionya: "Moto
sikaushie, mtoto;
hupasuka kama kwato.
Upepo wazitoshea."

Thoya kaja, kanong'ona:
"Nyevu, zako ulishona
wapi? Nikipewa tena
likizo, nitamwendea."

Miezi tisa ikisha
nikarejea kwa Esha;
visigino vimekwisha,
upande vimelalia.

Akazishika, kasoma
kama barua ya mama:
"Kulia umeegema,
bunduki yakulemea."

Nyuma yake pana rafu,
jozi moja, ni nadhifu,
haina hata uchafu,
kadi imening'inia.

"Za nani?" Akanyamaza,
uzi akaupenyeza.
"Kalipa. Nikatengeza.
Mwaka wa tatu wangia."

Sikuuliza zaidi.
Kule Twaha kwa juhudi
kuruta amuahidi:
"Kioo cha kuchania!"

Usiku, mvua nyumbani,
beseni li sakafuni,
paa likivuja ndani,
matone likipokea.

Mama kachukua kanga,
mlangoni akapanga
buti, kufuta mchanga:
Moja. Mbili. Katulia.