Hewa Haiandikiwi Risiti

Ambakisye, pampu uliyoifunga juzi pale Uyole
ni mpya, niliiona ikitoka kwenye boksi lake,
na gasketi uliipaka gundi mbele ya macho yangu.
Sikulaumu. Nakusimulia tu mshale ulivyopanda.

Mwanzo wa mlima ulilala katikati,
kama mgonjwa aliyekunywa dawa.
Kabla ya Isyonje, kwenye ile mikaratusi,
ukaanza kunyanyuka, kidogo, kidogo,
kisha bila aibu.
Nyuma nilibeba magunia arobaini, na yote matupu!
Nikashusha gia. Nikapunguza mwendo hadi kuku wakanipita.
Mshale haukujali kuku.

Na baridi, kaka. Juni ya huku unaijua:
ukungu umekaa barabarani kama mwenye shamba,
watoto wa shule wamejikumbatia ndani ya masweta,
mikono ya sweta inaning'inia mitupu.
Nikawasha hita nipashe walau magoti.
Hita ikanipulizia baridi.
Hapo nikachanganyikiwa.
Nyumba moja, jikoni kunaungua,
chumbani watu wanatetemeka.

Nikaegesha. Kifuniko sikukigusa;
kifua cha mjomba Kajuni kilinifundisha hilo,
ngozi yake ilivyojikunja kama karatasi iliyolowa.
Nikakupigia.
"Huku juu maji hayangoji mia," ukasema,
"yanachemka upesi, usiyape sababu.
Feni inazunguka?"
Inazunguka.
"Mkanda?"
Umekaza.
"Kuna tone chini?"
Nikalala kwenye nyasi, umande ukanila mgongo.
Hakuna tone.
"Shika mpira wa juu wa rejeta."
Unaunguza.
"Wa chini."

Wa chini ulikuwa baridi kama pua ya mbwa.

Ukanyamaza. Nikasikia spana ikiwekwa juu ya bati.
"Dada Tusekile, maji nilikujazia kwa haraka.
Jua lilikuwa linazama, na yule wa Fuso
alikuwa ananipigia honi. Humo ndani
nimefungia hewa."

Basi nikaigeuza Kenta, pua itazame mlimani,
mawe mawili nyuma ya magurudumu,
nikangoja ipoe.
Mama mmoja muuza chai akaja kuangalia.
"Ina nini?"
Imemeza hewa.
"Kama mtoto tu," akasema, "mbebe begani,
umpigepige mgongo."
Akanimiminia kikombe, tukakaa juu ya magunia
tukiitazama kama inayougulia hospitali.

Ilipopoa nikakunja kanga mara nne, nikafungua.
Nikawasha injini, hita wazi hadi mwisho,
nikamimina maji kwa uzi mwembamba, ulivyonielekeza.
Kwanza kimya.
Kisha povu moja, dogo, kama jicho la samaki.
Jingine.
Nikaubana mpira kwa kiganja, nikauachia,
nikaubana, nikauachia,
na Kenta ikapiga mbweu
hata mama chai akasema, "Haya, mwanangu!"
Maji yakashuka ghafla kama yameitwa.
Nikaongeza. Yakashuka tena. Nikaongeza.
Lita tatu na kitu ziliingia, Ambakisye,
lita tatu na kitu za upepo
nimezipandisha mlima na kuzilipia dizeli.

Kisha mpira wa chini ukapata joto mkononi mwangu,
taratibu, kama mtu anayekumbuka jina lako.

Jioni nilipita kwako na viazi, magunia yamefurika,
nikauliza deni langu.
Hukuinua macho kutoka kwenye breki za watu.
"Hewa haiandikiwi risiti," ukasema,
ukaokota viazi viwili vilivyodondoka
ukavitia mfukoni mwa ovaroli.

Tangu siku hiyo mshale umetulia.
Mimi ndiye sijatulia: kila mlima
naangalia barabara mara moja, mshale mara tatu.
Lakini magoti, kaka,
magoti yana joto.