Nukta ya Thelathini na Moja

Usiku kazi yangu ni kuhesabu nukta.
Arobaini na mbili kwenye kioo, za kijani,
kila moja ni mtu,
kila moja yasema kila baada ya sekunde kumi:
nipo, nipo, nipo.
Kati yangu nao kilomita sitini za nyika ya Kazakhstan,
na theluji isiyoanguka, inayopita tu, kwa ubavu.

Zamani palikuwa na nyaya.
Tulizifukia kiangazi, tukazitia alama za mawe.
Panya wa nyika wakala nusu,
baridi ya nyuzi arobaini chini ya sifuri ikavunja iliyobaki.
Sasa habari inaruka yenyewe,
vali hadi vali, mnara hadi mnara,
haina pa kushika, wala haiombi njia.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Hapa kikulindacho nacho ki nguoni:
kisanduku cha njano, uzito wa kipande cha sabuni,
kimebanwa kifuani, kinanusa.

Saparbek hakukitaka.
"Miaka ishirini na tisa nimeishi kwa pua hii,"
akaigonga kwa kidole, pua pana, iliyovunjwa na farasi.
"Hicho kinalialia kama mtoto wa jirani."

Januari, saa nane na robo, nukta yake ikatulia
kando ya kisima cha kumi na nne.
Dakika moja. Mbili. Ikawa nyekundu.
Nikamwita redioni, ukanijibu upepo.
Nikawatuma Tolegen na yule kijana wa Aktobe,
mitungi ya hewa mgongoni,
wakakimbia katika giza linalouma meno.
Wakakuta kisanduku kimetundikwa msumarini, juu yake kofia,
na mwenyewe kibandani, anamimina chai.

Hakuomba radhi. Nami sikumwandika kwenye ripoti.
Kosa hilo ni langu, naliweka hapa.

Machi, theluji ilipoanza kunuka udongo,
gasketi ya kisima kilekile ilipasuka, ufa wa unywele.
Safari hii kisanduku alikuwa nacho;
mkewe, nilisikia baadaye, ndiye aliyekibana kwa pini mbili.
Akasikia yai viza. Akakunja uso.
Kisha harufu ikapungua. Ikaisha.

Hiyo ndiyo hila ya gesi hii:
huanza na mlinzi wa mlangoni.
Huiua pua kwanza, ndipo imrudie mwenye pua.
Pua ikamwambia, imekwisha pita.
Kisanduku kikapiga yowe, sasa ndiyo inafika.

Kwangu namba zilipanda,
tisa, ishirini na sita, themanini, mia na arobaini,
nami nimesimama bila kujua nimesimama,
nasema, "Ukate upepo, Saparbek, kushoto, kushoto,
usishuke bondeni, imelala bondeni."
Uhai na kifo ni pua na mdomo, hunenwa hivyo.
Usiku ule pua ilikuwa imeondoka,
tumebaki na mdomo wangu, na masafa.
Nukta ikasita.
Sijui alikuwa akimsikiliza nani.
Ikaanza kutembea.

Kesho yake akaja chumbani kwetu, buti zinadondosha tope,
hakusalimu.
"Mimi ni ipi?"
Nikamwonyesha: thelathini na moja,
wakati huo imo kabatini, inachajiwa.
"Ndogo hivi?"
Akainama hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo,
akaufuta kwa mkono wa koti.
Akauliza kama mwaka ule, wa kaka yake,
palikuwa na kioo kama hiki.
Nikamwambia palikuwa na daftari,
na kalamu imefungwa kwa uzi,
ya kuandika waliorudi.
"Na asiyerudi?"
Nikasema, mstari mtupu.