Robo Dola kwa Mia

Kiangazi kile, milimani Tennessee,
Bwana Stallard alikuja na gari la kijani kununua vimulimuli.
Robo dola kwa mia, alisema,
akatuachia mkebe wa kahawa, kifuniko kimetobolewa kwa msumari.
Mimi na Dewey tukaingia majanini, umande hadi magotini,
tukavuna taa kama watu wachumavyo kunde:
huyu, huyu, yule kazima, ngoja,
huyu.

Walilala kwenye friza ya mama, ubavuni mwa paja la nguruwe.
Usiku nikiiba barafu niliona wachache wangali wanafifia,
kijani, polepole, kama mtu anayesahau jina.
Nilidhani ni moto. Nilimbana mmoja shavuni
nikingoja aniunguze.
Baridi kama kijiko.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, maabara ya kiwanda cha maziwa,
Bi. Ottoline Pruitt aliponichorea jambo lile
kwenye karatasi ya kufungia siagi.
Hii lusiferini. Peke yake ni unga, bubu.
Hiki kimeng'enya chake, kimejikunja kama kiganja kinachongoja kupewa.
Inaingia humo, inakaa. Giza bado.
Mpaka ije ATP, sarafu ileile
ambayo kila kilicho hai hulipia hatua, ngumi, kope kufumba.
Magnesi inashika mlango. Malipo yanapokelewa,
fosfati mbili zinarudi kama chenji,
ndipo oksijeni inapoingia bila hodi,
kaboni-dioksidi inatoka,
na kinachobaki kinajikuta kiko juu mno,
kimelewa nguvu, hakiwezi kukaa huko.
Kinashuka. Kule kushuka ndiyo nuru.

"Kwa hiyo ni kuanguka?"
"Kutua," akasema, akafuta miwani kwa aproni.

Kazi yangu ilikuwa hiyo: unga wa mikia, tone la maziwa,
na mashine ya kuhesabu mwanga.
Maziwa mazuri hukaa gizani.
Yakiwaka, yana wageni, bakteria wanakula na kulipana humo ndani.
Siku moja nilimwaga tangi zima, lita elfu mbili,
kwa sababu ya kitu kizuri kupita vyote nilivyoona wiki ile.

Jioni moja wenzangu walipoondoka
nilizima taa, nikajichoma kidole,
nikadondosha tone langu katika unga.
Likawaka.
Mikia iliyokufa, pengine ya bonde letu,
ikapokea sarafu yangu bila kuuliza imetoka wapi.

Nilimpigia Dewey simu papo hapo.
Alinyamaza muda mrefu, nikasikia jokofu lake likinguruma.
"Kuna mia moja," akasema, "niliwajaza mbawakavu wa kawaida.
Wale weusi wa kwenye boga. Unadhani walijua?"
Nikacheka hadi nikakaa sakafuni,
kidole mdomoni,
na mirija ile juu ya meza ikizima mmoja mmoja.