Paja la Kushoto

Leo simuulizi Msabila.
Nimemuuliza mara tatu, mara tatu kanijibu "niko fiti, dokta",
kwa sauti ya mtu anayemwambia mwenye nyumba kodi iko njiani.
Nakuuliza wewe, msuli wa nyuma ya paja,
wewe usiye na mkataba,
usiye na nyumba Ipuli iliyoishia kwenye lenta.

Tunafahamiana.
Mara ya kwanza ulichanika mwezi wa tatu, kwenye tope,
mvua imekula reli, gari moshi la Kigoma limelala stesheni siku mbili.
Barafu hatuna. Nilivuka barabara hadi kwa mama Nyanso,
nikanunua barafu zake zote za ukwaju,
nikakufunga nazo mpaka shuka likawa rangi ya kutu
na nzi wa Tabora nzima wakaja kukupa pole.
Msabila alicheka, akanyonya moja.
Nilikuandikia wiki tatu. Ukapewa siku kumi na moja.

Mara ya pili ni yangu.
Mwenyekiti alikuja na kreti ya soda,
akasema nusu fainali haiji kila mwaka,
nami mshahara sijauona tangu Februari.
Nilikubonyeza. Kulikuwa na kitu,
kidogo, kama punje ya choroko chini ya godoro.
Nikasaini.

Dakika ya thelathini na moja
alishika nyuma ya paja kama aliyepigwa jiwe,
akageuka kumtafuta aliyemrushia.
Hakuona mtu.
Mimi nilikuwa mbele yake, na mkoba.

Sasa ni Septemba. Uwanja umekauka kama kisigino,
mpira ukidunda unatoa vumbi na mlio wa debe.
Mwalimu anataka jibu kabla ya chai.
"Dakika ishirini tu, za mwisho,"
kana kwamba wewe unajua kusoma saa.
Shangazi yake ameleta asali ya nyuki wadogo kutoka Sikonge,
nimekupaka, kwa heshima yake.
Amekimbia nguzo hadi nguzo mara kumi, hachechemei.
Ameruka. Ametabasamu hadi jino la mwisho.
Halafu, akidhani nimegeuka kumimina maji,
akamwita mtoto anayeokota mipira
amfungie kamba za kiatu.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua.
Huyu hakulia.
Aliogopa kuinama.

Nikaandika HAPANA, siku kumi na nne, nikagonga muhuri
mara mbili, maana wino ulikuwa hafifu.
Hakunitukana. Afadhali angenitukana.
Alisema, "Dirisha dogo linafunguliwa Desemba, dokta. Unajua?"
Najua.

Jumamosi ile jezi namba saba alivaa Kapela,
miaka kumi na tisa, mabega kama henga ya nguo,
akafunga mawili.
Nilishangilia. Sifichi, niliruka juu,
na nilipotua nikaona Msabila anapiga makofi
taratibu, kama anayepangusa unga mikononi.

Leo Novemba, wewe ni mzima.
Natafuta ile choroko kwa kidole gumba, haipo.
Kila wiki anakuja nawe benchi, amekufunika taulo.
Anainama, anafunga kamba, anafungua, anafunga tena,
mbele ya macho yangu, bila haraka,
na sijui kama ananishukuru au ananishtaki.
Mwalimu anatazama saa. Anatazama benchi.
Anaita jina la mwingine.

Jumatatu saa mbili asubuhi, mlete.
Mafuta yapo. Nitakuchua
hata kama hakuna panapouma.