Kuazima Chumvi

Mama Bihoma, mtoto akija tena usiku na kikombe kitupu,
akasema, "Mama anaomba chumvi,"
usimpimie.
Mfungie ndani kwako, kisha uje wewe.

Chumvi ninayo. Hapa Uvinza nani amekosa chumvi?
Kutwa naikwangua kwenye masinia ya kuchemshia,
inaniingia kwenye nyufa za vidole,
na jioni nikijigusa hapa, chini ya jicho,
sihitaji kioo kujua palipopasuka.

Kwetu, ng'ambo ya Malagarasi, bibi alikuwa akisema:
*niko zubakwa*,
hivyo ndivyo nyumba zijengwavyo.
Nikamuuliza, kwa matofali gani?
Akacheka, akaziba mdomo kwa kiganja.
Nilikuwa mtu mzima nilipotambua
kwa nini bibi alicheka daima ameziba mdomo.

Nabintu wa Fizi anasali. Anasema inasaidia
kuanzia saa nane hadi alfajiri.
Mimi nahesabu: noti za mia tano
chini ya debe la mawese, anapochukia kunusa.
Polisi? Swali lao la kwanza si nani kakupiga.
Ni umeingilia wapi.
Na kibali kina jina lake,
mimi na watoto tumening'inia nyuma kama mkia.

Simtetei Sabushimike.
Ila nilikuwepo siku ile kwenye mzani
walipomwita "we mkimbizi" mbele ya mwanawe,
naye akaitika, akacheka nao.
Kicheko kile alikuja nacho nyumbani
kimeshakuwa mkanda.
Naelewa.
Kuelewa hakupunguzi uvimbe.

Halafu ile Alhamisi.
Ulikuja na mwiko mkononi, ugali haujaiva,
nyuma yako Nabintu, na mke wa fundi baiskeli,
na wawili nisiowajua hata majina,
kila mmoja na kikombe.
Hamkupiga kelele. Mlijaa mlangoni, mkasema,
"Tumekuja kuazima chumvi."

Mkono ulikuwa juu. Ukashuka.
Akaenda kuwapimia mwenyewe,
kikombe hiki, kikombe hiki,
chumvi ikimwagika miguuni pake
kwa jinsi alivyotetemeka.
Nanyi mkasubiri hadi cha tano kikajaa.

Sikwambii amebadilika. Siku kumi na moja tu.
Kikombe nimekitundika upya,
chini kidogo,
mtoto akifikie.