Risiti ya Ng'washi

Geti la Nyabusalu lina madirisha manne.
Langu la tatu, linalotazama ziwa,
lenye kiti kibovu na upepo mzuri.
Nauza ruhusa ya kupita.
Ekseli mbili, elfu moja na mia tano.
Ekseli tatu, elfu nne.
Kuanzia nne, soma ubao;
ubao ukiwa na vumbi, niulize mimi.

Nyuso sizijui. Najua mikono.
Maduhu wa lori la saruji hana kidole cha shahada,
noti huibana kwa gumba na cha kati
kama anayechomoa mwiba.
Mkono wa mheshimiwa hautoki. Kioo hushuka nusu,
na dereva hunena: "Gari hili halilipi."
Mkono wa msafirisha sangara hudondosha barafu
juu ya daftari langu, na jumla ya saa hiyo
huvimba, hupauka, hunuka mpaka jioni.

Usiku sihitaji macho.
Tuta lililo mbele ya geti hunihesabia:
du-du, gari dogo;
du, du-du, lori la Sengerema.
Hata nyumbani, kitanda kikilia mara mbili
naota natoa chenji.

Baiskeli hazilipi.
Imeandikwa mstari wa mwisho, kwa herufi ndogo,
kama jambo la aibu.
Lakini Ng'washi husimama.
Saa kumi na moja na robo, alfajiri, akitokea mwaloni,
beseni la dagaa limefungwa nyuma kwa mpira wa tairi,
hunyoosha mkono mtupu dirishani:
"Mwangaluka. Risiti yangu."

Siku ya kwanza nilicheka.
Ya pili nikamwita msimamizi.
Ya tatu nikabonyeza sifuri;
mashine ikagoma, ikaandika KIASI SI SAHIHI,
ikalia kama kifaranga,
na nyuma yake honi zikaanza kumtukana.

"Mlima ule," alisema, bila haraka,
akionyesha mahali palipobaki anga tu,
"tuliupiga nyundo miaka miwili,
wanawake kumi na saba.
Ndoo ya kokoto, shilingi mia tatu.
Ukucha wangu huu ulibaki kule.
Kwa hiyo mimi nililipa kwanza.
Nipe karatasi."

Nikachana kipande cha mwisho wa roli,
kile chenye mstari mwekundu unaoonya karatasi inaisha,
nikaandika kwa kalamu:
Ng'washi. Baiskeli. Amepita.
Akasoma mara mbili, akanirudishia.
"Andika saa."

Tangu hapo vipande vyenye wekundu ni vyake.
Alisema anavitia kwenye kopo la maziwa ya unga,
kopo likijaa atavipeleka mahali.
Sikuuliza wapi.
Naogopa pengine hata yeye hapajui.

Juzi walikuja mafundi,
wakafunga macho mawili ya kioo juu ya nguzo.
Kuanzia Jumatatu gari halisimami:
namba itasomwa likiwa mbioni,
tozo litamfuata mwenyewe mpaka kwenye simu.
Hakuna noti, hakuna chenji, hakuna mkono.
Meneja alitueleza vizuri, na soda tukapewa.
Nikauliza, na baiskeli?
Akasema jicho hili baiskeli halioni,
kwalo ni kama haipo.

Leo zamu yangu ya mwisho.
Nimeandika mapema:
Ng'washi. Baiskeli. Amepita. Saa,
na mbele ya saa nimeacha wazi.
Kumi na moja na robo.
Na nusu.
Ziwa linaanza kushika rangi ya bati jipya.
Kila kitu kikigusa tuta natoa kichwa.

Saa kumi na mbili mwenzangu anagonga, anataka kiti.
Karatasi nimeikunja mara nne, iko ndani ya kiatu.
Natoka kwa miguu, pembeni, njia ya baiskeli,
nakanyaga polepole,
maana sijui mawe yake
yanaanzia wapi.