Herufi Tatu

Kaka Mundhir kaileta kutoka Ruwi
ndani ya mfuko wa duka la rejareja:
kiboksi cheusi, chepesi kama kopo tupu la maziwa,
kijiti kimoja chenye kichwa chekundu,
vitufe viwili, na waya.
"Michezo mia mbili," akasema, "yote ya enzi za Baba."
Tukaichomeka nyuma ya televisheni
hapa Mabela, mwezi wa nane,
nje jua limekaza hata paka hawavuki barabara.

Baba hakusema neno. Alivua kofia.
Mkono wake wa kulia, tangu maradhi ya mwaka jana,
umelala mapajani kama mgeni asiyeaga.
Akakishika kijiti kwa kushoto,
na kile kidude cha njano, mdomo wazi,
kikaanza kula nukta zake vichochoroni,
mizuka minne nyuma, mbio, kama wadai.

Mwisho mashine ikataka jina.
Herufi tatu tu, haina haja na ukoo wala kabila.
Baba akaandika, polepole:
KAY.

"Kay ndiye nani?" Mama kauliza,
pasi mkononi, mvuke unafuka.

Mwaka wa themanini na nne, kumbe,
miezi mitatu tangu ashuke kutoka Unguja,
Kiarabu chake cha chuoni, cha kusomea,
si cha kununulia mkate.
Akitoka zamu ya usiku, kituo cha umeme Ghubra,
hupitia mkahawa wa Mmalabari mmoja
ambamo, baina ya friji ya soda na ndoo ya kudekia,
lilisimama kabati lenye taa na kioo.
Chai baisa hamsini, mchezo baisa mia.
Aliiacha chai.
"Ile mashine," alisema, "haikuniuliza nimetoka wapi."

Na kila asubuhi, juu ya HIL yake, KAY.
Leo ampite, kesho kapitwa,
kwa pointi elfu, kwa mia,
mara moja kwa kumi tu,
kama mtu anayekukonyeza.
Mwaka mzima hawakuonana.
Dereva? Mpishi? Kayum wa Karachi?
("Au mwanamke," Mama kasema. Pasi ikalia fusss.)
Akamuuliza Mmalabari, naye akacheka: watu wengi, ndugu yangu.
Kisha siku moja kabati halipo, pamewekwa friji ya pili.
"Nikasimama na baisa mia yangu mkononi
kama aliyefika msibani, maiti keshazikwa."

Kiboksi chetu hakina kumbukumbu.
Ukichomoa plagi kinamsahau kila mtu,
majina yote yanarudi AAA, AAA, AAA.
Na Mama kila Alkhamisi huchomoa:
soketi ile ndiyo ya pasi, na dishdasha za Ijumaa zinangoja.
Basi Baba kila Ijumaa jioni huanza na moja.
Kwanza anamchezea KAY, kwa bidii, bila hila,
anamwandika juu.
Kisha anacheza yeye, HIL, kumkimbiza.
Mkono wa kushoto umeanza kujua njia.

Juzi ilibaki nukta moja ampite.
Nukta moja, pembeni, wala mzuka karibu hapana.
Akakiachia kijiti.
"Kidole kimechoka."
Nilikitazama kile kidole. Hakikuchoka.

Leo alfajiri natoka kutawadha,
sebule giza, televisheni imeachwa inawaka.
KAY.
HIL.
Na chini yao, pointi mia tatu na arobaini,
THU.

Thuwaiba binti Muhenna yuko jikoni,
anapiga pasi juu ya meza ya kusukumia chapati,
waya kauvuta kutoka soketi ya friji.
"Unatazama nini?" ananiuliza.
"Kasali."